Liamini Dau la Mwenzako: Mbinu za Kunadi kwa Jozi Katika Briji

Wachezaji wengi wa briji wanaolalamika kuwa wenzao hawajui kunadi hawajawahi kuwaacha wanadi hadi mwisho. Mwenzao akitaja shupaza 2, wao wanaona haba, wanaongeza. Akisema pasi, wanaufufua mnada. Akiwadabo wapinzani, wanakimbia. Jioni ikiisha matokeo ni mabaya, na lawama inamwangukia yule ambaye uamuzi wake haukuheshimiwa hata mara moja.

Makala haya ni ya wanaocheza briji ya dupliketi, klabuni au mtandaoni, na ambao misingi wanaijua: ree ni pointi 4, kingi 3, kwini 2, jeki 1, jozi yenye pointi 25 au 26 hujaribu gemu, yenye 33 huwaza slemu. Yote yaliyomo humu yanazunguka jambo moja. Kumwamini mtu ni shughuli ya moyo, na moyo hubadilika kila ubao. Kuliamini dau ni utaratibu: mlikubaliana maana yake, limetajwa, basi maana yake ni hiyo, hata kama aliyelitaja amekuudhi dakika tano zilizopita.

Hesabu ya dupliketi iko upande wa imani

Katika dupliketi karata zilezile, zikiwa zimegawanywa vilevile, husafiri meza hadi meza ndani ya ubao wenye mifuko minne. Jozi yenu hulinganishwa na jozi nyingine zilizoshika karata hizohizo. Kila jozi mnayoizidi inawapa alama 2, mnayolingana nayo inawapa 1. Ubao ukichezwa kwenye meza 8, alama ya juu ni 14 na ya chini ni 0, na kuzidi kwa pointi 10 ni sawasawa na kuzidi kwa pointi 1,000.

Maana yake ni kwamba kosa la mwenzako, hata liwe kubwa namna gani, haliwezi kula zaidi ya ubao mmoja. Kwenye jioni ya mbao 24, ubao mmoja ni kama asilimia 4 ya kazi yote. Ukishuka kutoka wastani hadi sifuri, umepoteza takriban asilimia 2 ya matokeo ya mwisho. Hasara hiyo inafidika. Hasara isiyofidika ni ya mbao zinazofuata, ambazo utazinadi ukiwa unajihami dhidi ya mwenzako badala ya kupambana na wapinzani.

Tazama jinsi kujihami kunavyoharibu mfumo mzima. Mmekubaliana kuwa bila turufu 1 ni pointi 15 hadi 17, na kwamba jibu la bila turufu 2 ni mwaliko wenye pointi 8 au 9. Siku moja mwenzako anakualika akiwa na 7, mkataba unaanguka. Mara inayofuata una 17, unapaswa kukubali, lakini unasema pasi: "huyu huzidisha." Ana 9 kamili, na gemu imewapita. Naye ameona. Safari nyingine, akiwa na 8, haaliki tena. Anaruka moja kwa moja hadi bila turufu 3. Wewe ukiona hivyo, unaanza kufungua bila turufu 1 ukiwa na 16 kwenda juu ili kuwa salama. Kufikia hapo kila mmoja anamsahihisha mwenzake kabla hajakosea, na hakuna dau lililobaki na maana mliyokubaliana. Dawa ilikuwa rahisi: kukubali mwaliko kwa 17, kisha kuzungumza juu ya zile 7 baada ya mchezo.

Kila mnada una nahodha mmoja

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Swali la kwanza la kujiuliza mnada unapoendelea ni hili: nahodha ni nani hapa? Kanuni ni nyepesi. Aliyekwisha kuzieleza karata zake kwa mipaka finyu amekuwa shahidi. Yule ambaye karata zake bado hazijulikani ndiye anayeamua. Ukifungua bila turufu 1, umesema karibu kila kitu: pointi 15 hadi 17, mgawanyo wa karata uliotulia. Mwenzako anajumlisha zako na zake. Wewe huwezi, kwa sababu za kwake huzijui.

Kwa hiyo akikuhamisha kwa uru 2, nawe ukataja kopa 2 kama mlivyokubaliana, kisha akasema pasi, mnada umekwisha na umekwisha vizuri. Huenda ana kopa tano na pointi 3 tu, na amekuokoa. Zile 17 zako si habari mpya. Alizihesabu tangu mwanzo.

Pale watu wanapovunja kanuni hii zaidi ni kwenye slemu. Chukua mfano huu. Umefungua shupaza 1 ukiwa na karata hizi:

Shupaza: ree, kwini, jeki, 7, 4
Kopa: kingi, kwini, 6
Uru: ree, 8, 3
Maua: 10, 4

Mwenzako anataja bila turufu 4, swali la Easley Blackwood la kuulizia ree, ambalo limekuwepo tangu miaka ya 1930. Kwa namna ya asili ya kulijibu, maua 5 ni hakuna ree au zote nne, uru 5 ni moja, kopa 5 ni mbili, shupaza 5 ni tatu. Unajibu kopa 5. Mwenzako anataja shupaza 5.

Hapo mkono unawasha. Una pointi 16, turufu nzuri, kopa zimekaa vizuri, na mwenzako mwenyewe ndiye aliyeanza kuwaza slemu. Watu wengi hutaja shupaza 6. Sasa zitazame karata za upande wa pili:

Shupaza: kingi, 10, 8, 6, 2
Kopa: jeki
Uru: kingi, kwini, jeki, 5
Maua: kingi, kwini, jeki

Pointi 16 nyingine. Jumla ni 32, turufu kumi, na karata za kuvutia kila upande. Lakini ree ya kopa na ree ya maua ziko kwa wapinzani. Watazila zote mbili, nanyi mtabaki na mizunguko 11 kamili. Shupaza 5 inawapa pointi 450 msipokuwa hatarini, 650 mkiwa hatarini. Shupaza 6 inawatoza 50 au 100. Mwenzako alihitaji kujua jambo moja tu, akauliza, ukajibu, akaamua. Aliyeuliza ndiye mwenye neno la mwisho. Kuongeza baada ya hapo ni sawa na kumwambia kuwa hajui kuhesabu hadi nne.

Ukishasema, usirudie

Dau la kuziba njia, kama kopa 3 ya kufungulia, ni sentensi nzima. Tuseme una kopa saba zikiongozwa na kingi, kwini na jeki, shupaza moja, uru tatu ndogo na maua mbili ndogo. Pointi 6. Umetaja kopa 3, mpinzani wa kushoto ametaja shupaza 3, mwenzako pasi, wa kulia shupaza 4. Zamu imerudi kwako na ulimi unakuwasha: kopa 5?

Pasi. Una nini leo ambacho hukukisema dakika moja iliyopita? Mwenzako anazijua karata zako karibu moja kwa moja. Wewe za kwake huzijui hata moja. Huenda ameshika shupaza nne kali na anangoja. Huenda anapanga kudabo, au yeye mwenyewe kutaja kopa 5. Ukinadi mara ya pili kwa karata zilezile, umemnyang'anya uamuzi huo kabla zamu yake haijafika.

Jipimie hivi: kila unapotaka kutaja dau jingine, taja kimoyomoyo karata ambayo mwenzako hawezi kujua kuwa unayo. Ikikosekana, pasi.

Dabo ya adhabu ikae palepale

Hakuna dau linalovunjiwa heshima kama dabo ya adhabu. Umefungua kopa 3 kwa karata zile, mpinzani ametaja shupaza 3, mwenzako amedabo kwa adhabu. Wewe una shupaza moja, unaogopa, unakimbilia kopa 4. Sababu inayotolewa ni ileile siku zote: "nilikuwa na shupaza moja tu." Ndiyo, na mwenzako alitarajia hivyo. Amedabo kwa nguvu ya karata zake, huku akijua kuwa wewe ni dhaifu na kwamba umejaza kopa.

Mkataba uliodabowa ukianguka kwa mizunguko miwili, wapinzani wanalipa 300 wasipokuwa hatarini na 500 wakiwa hatarini. Mitatu ni 500 au 800. Ukikimbia, unabadilisha malipo hayo kwa mkataba ambao mwenzako hakuuchagua. Siku chache mkataba wa wapinzani utatimia licha ya dabo na mtapata sifuri. Ndiyo gharama ya biashara. Mwenzako anayejua kuwa dabo zake zinakimbiwa ataacha kudabo, na wapinzani watakuwa wanawapandia dau bure usiku kucha.

La kuangalia kabla ya yote ni kama dabo ni ya adhabu au ni ya kuomba mwenzako achague aina. Huo haupaswi kuwa mjadala wa mezani. Unapaswa kuwa umeandikwa.

Imani huandaliwa kabla ya kuketi

Jeff Meckstroth na Eric Rodwell wa Marekani, moja ya jozi zilizoshinda zaidi duniani, wanajulikana kwa makubaliano yaliyoandikwa katika mamia ya kurasa. Wewe huhitaji kurasa hizo. Ukurasa mmoja unatosha, mradi nyote wawili mnaujua kwa moyo. Andikeni majibu ya maswali haya:

1. Bila turufu 1 ni pointi ngapi, na je, inaweza kuwa na kopa au shupaza tano?
2. Kufungua kopa 1 au shupaza 1 kunahitaji karata nne au tano?
3. Madau yapi ni ya lazima, ambayo mwenzako haruhusiwi kuyasemea pasi, na yapi ni mwaliko tu?
4. Dabo ni ya kuomba hadi kiwango gani, na kuanzia wapi inakuwa ya adhabu?
5. Dau la kuziba njia linahitaji karata zenye ubora gani mkiwa hatarini, na gani msipokuwa hatarini?
6. Mpinzani akiingilia bila turufu yenu, yapi yanabaki vilevile na yapi yanabadilika?
7. Dau ambalo hatujawahi kulizungumzia tulichukulieje?

La saba ndilo linaloziokoa jozi changa. Jibu zuri ni hili: dau tusilolizungumzia ni la kawaida, yaani aina iliyotajwa ndiyo aina iliyopo mkononi. Lina sharti moja: hakuna anayeruhusiwa kubuni dau la kijanja mezani akitumaini mwenzake ataling'amua.

Mkiwa mnaishi miji tofauti, tovuti kama Bridge Base Online ina meza za mazoezi ambapo wawili mnaweza kunadi mikono mingi bila kucheza karata hata moja. Saa moja ya namna hiyo inafichua mapengo ambayo klabuni yangewachukua miezi kuyaona.

Anza kwa kuaminika wewe

Ni rahisi kudai mwenzako aaminiwe na kusahau kuwa wewe nawe ni mwenza wa mtu. Dau lako likiwa na maana mbili, mwenzako hana cha kuamini. Ukisema 15 hadi 17, ziwe 15 hadi 17, si 14 "nzuri" leo na 18 "mbaya" kesho. Ukialika, uwe na mwaliko. Nidhamu hii inachosha kwa sababu kila jioni utaona nafasi mbili tatu ambapo uongo mdogo ungeleta ushindi. Huenda ungeleta, lakini deni lake lingelipwa baadaye, siku ambayo mwenzako anasitasita mbele ya dau lako la kweli.

Pambano maarufu kuliko yote katika historia ya mchezo huu lilionyesha hali hiyo hadharani. Lilikuwa la raba, si dupliketi, lakini funzo lake ni lilelile. Desemba 1931, jijini New York, Ely Culbertson, akicheza mara nyingi na mkewe Josephine, aliketi dhidi ya Sidney Lenz na Oswald Jacoby kwa raba 150, huku magazeti ya Marekani yakiripoti kila hatua. Jacoby, kijana wa miaka 29 mwenye kipaji kikubwa, alipenda madau ya hila: kutaja nguvu asizokuwa nazo ili kuwayumbisha wapinzani. Wa kwanza kuyumba alikuwa Lenz, ambaye hakujua tena lini amwamini. Manung'uniko yakawa ya wazi, lawama zikatolewa palepale mezani, na kabla mwezi haujaisha Jacoby alijitoa. Nafasi yake ilichukuliwa na Winfield Liggett, na Culbertson akashinda kwa pointi 8,980.

Wote wawili walikuwa wachezaji wa daraja la juu. Jacoby aliendelea kuwa miongoni mwa majina makubwa ya briji, na lile dau la kumhamisha mwenzako kutoka uru 2 hadi kopa 2 linaitwa kwa jina lake hadi leo. Kipaji hakikukosekana upande wao. Walichokosa ni makubaliano juu ya dau lina maana gani.

Imani na sheria

Kumwamini mwenzako kuna upande wa kisheria ambao wachezaji wapya hawaujui. Sheria za dupliketi zinaruhusu jozi kuwasiliana kwa madau na kwa karata zinazochezwa tu. Mwenzako akifikiri kwa muda mrefu kisha akasema pasi, kusita kule kumekuambia jambo, nawe huruhusiwi kulitumia. Ukiwa na karata ambazo kila mtu angesemea pasi, sema pasi. Hali kadhalika akieleza dau lako visivyo wapinzani wanapouliza: endelea kunadi kama vile hukusikia.

Kuna jambo la hila zaidi. Mwenzako akitaja dau la uongo, nawe ukalikwepa kwa sababu unazijua tabia zake, hapo mna makubaliano ya siri, na msimamizi wa mashindano anaweza kubadilisha matokeo. Wapinzani wana haki ya kujua kila mnachokijua kuhusu madau yenu. Basi kulichukua dau kwa maana yake iliyoandikwa ni ustaarabu na ni wajibu pia. Ikiwa mwenzako kweli hualika kwa pointi 7, iandikwe kwenye kadi yenu ya mfumo.

Wewe nawe msaidie kwa mwendo wako. Toa kadi kwenye kisanduku cha kunadia kwa kasi ileile, uwe na furaha au mashaka, na uso usiseme kitu.

Lini usimfuate

Kuamini si kutii kila kitu. Unaweza kulipita dau la kusimamisha la mwenzako kwa sababu moja tu: una kitu ambacho madau yako hayajakisema na ambacho yeye hawezi kukikisia. Mathalani, amekuuliza ree na umejibu idadi, lakini pia huna hata karata moja ya aina ambayo wapinzani wamekuwa wakiitaja. Hiyo ni habari mpya. Pointi moja ya ziada si habari mpya. "Nilihisi" si habari kabisa.

Baada ya ubao

Wekeni mwiko: hakuna mjadala wa kunadi hadi mbao zote ziishe. Andika namba ya ubao pembeni ya kadi ya alama, geukia unaofuata. Mkimaliza, kila kosa liwekeni kwenye moja ya mafungu matatu.

La kwanza ni pengo la makubaliano: kila mmoja alidhani lake, na wote walikuwa na haki. Liandikeni kwenye ukurasa, yameisha. La pili ni kusahau: mlikubaliana, mmoja hakukumbuka. Likijirudia, ondoeni hicho kipengele kwenye mfumo. Makubaliano yasiyokumbukika ni mzigo. La tatu ni uamuzi: alijua maana, akapima, akachagua vibaya. Hili liacheni. Mchezaji anayekaripiwa kwa kila uamuzi huacha kuamua, na utajikuta unacheza peke yako dhidi ya watu watatu.

Kisha fanya hesabu kwa muda wa mwezi mmoja. Kwenye kadi yako ya alama, tia nukta kila unapoupindua uamuzi wa mwenzako: umeongeza juu ya dau lake la mwisho, umeikimbia dabo yake, umekataa mwaliko uliopaswa kuukubali. Mwisho wa mwezi linganisha alama za mbao zenye nukta na wastani wenu wa kawaida. Zikiwa chini, umepata dawa isiyohitaji kujifunza mfumo mpya: pasi. Zikiwa juu kila mara, mwonyeshe mwenzako mbao hizo, mkaangalie pamoja ni mstari upi wa ule ukurasa wenu unaohitaji kuandikwa upya.